Udi wa Kila Magharibi

Siku zetu za mwanzo Maskati, bibi yangu mzaa baba aliamini tumehamia mtaa wa wafiwa. Kila nyumba ilifukiza ubani asubuhi na jioni, na sisi kwetu Unguja ubani tuliuzoea penye maiti na hitma. Bibi hakuwa akiona vizuri. Alikaa kwenye mkeka wake akinusa hewa na kuniuliza, "Leo tena kafa nani?" Nikamweleza kwamba hakufa mtu, watu wa huku ndivyo wanavyonukiza nyumba zao, hata maji ya kunywa. Hakusadiki. Akatoa amri kwamba ndani mwetu usiingie ubani, utiwe udi, kwa sababu mwanawe yu hai.

Mwanawe ndiye baba yangu. Tulipoondoka mwaka wa sitini na nne alibaki nyuma, akaahidi kutufuata akipata nafasi melini. Tukaja wanawake watatu, bibi, mama na mimi, msichana niliyetosha kutumwa kisimani. Niliichukia Maskati, sifichi. Niliyachukia majabali yaliyotoa joto hata jua likishazama, na maji ya chumvichumvi, na wasichana wa kisimani waliokicheka Kiarabu changu. Skuli ya wasichana haikuwapo. Nilikuwa nikijiambia baba akija atatuondoa hapa.

Kila magharibi mama alikoga, akavaa, akaitandaza kanga yake juu ya chetezo mpaka ikashika moshi wa udi, kama afanyavyo mke wa Kiunguja anayemtazamia mumewe. Kisha akakaa karibu na bibi. Bibi alilikamata pindo la kanga, akalinusa na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Baada ya hapo ndipo alipokubali kula.

Mwaka wa pili alikuja mtu wa mtaani kwetu Unguja. Alishukia bandari ya Matrah, akaulizia mpaka akatupata. Bibi alikuwa nyumba ya jirani, akinywa kahawa. Mama alisimama nyuma ya pazia la mlango, yule bwana nje, na mimi katikati na sahani ya tende. Akasema baba alipatwa na homa, haikumweka, na yeye mwenyewe alilibeba jeneza lake. Mama aliuliza jambo moja tu, nani alimwosha.

"Mimi na wenzangu wa msikitini," alijibu.

Mama akamshukuru, akaniambia nimpe kahawa. Alipoondoka akanishika kidevu. "Bibi yako hana mtoto mwengine, na moyo wake unaujua. Akijua leo, kesho n'namzika. Neno hili halitoki humu ndani."

Nilijua maana yake. Mjane hukaa eda: miezi ndani, hana wanja, hana manukato, hana nguo ya pambo. Mama angekaa eda, bibi angejua siku hiyo hiyo. Basi jioni ile mama alikoga, akavaa, akatia makaa kwenye chetezo. Kaa moja likamponyoka, likaanguka na kuuchoma mkeka wa bibi. Bibi alinusa pindo, akasema, "Vizuri." Nikaenda jikoni nikaiuma kanga yangu nisisikike.

Miaka ikapita hivyo. Moshi wetu haukukaa ndani, ukatoka madirishani, na mtaa una pua. Jirani mmoja alimwuliza mama mbele yangu, "Mumeo hayupo. Unamnukia nani?" Nilitaka kumrukia. Mama akanivuta mkono, akamjibu kwa upole kwamba kwao ndivyo walivyolelewa. Tulipoingia ndani nikamwambia kwa hasira amwambie ukweli mwanamke yule. Akasema, "Akijua yeye, atajua na bibi yako. Mwache anione hivyo anavyoniona." Nilimwonea uchungu mama yangu, mjane asiyeruhusiwa hata kuonekana mjane.

Kisha bibi akalala, hawezi kukaa. Jioni moja mama alimsogezea pindo la kanga, naye akalisukuma.

"Zima huo udi, mwanangu. Leo tia ubani."

"Ubani wa nini, mama?"

"Wa mwanangu. Siku ile ulipoangusha kaa, nilijua. N'likuwa nnaogopa ukiacha kujifukiza utaanguka, nikanyamaza."

Mama akamshika bibi mkono, hakumwachia. Mimi ndiye niliyekimbia nje, na katika haraka yangu nikabisha kwa jirani yule yule. Alinipa ubani kiganja kizima wala hakuuliza. Tuliutia makaani, tukamsomea baba Yasini, na wale wawili wakalia wameshikana kama watoto. Bibi alifariki kabla ya mwezi kwisha.

Matanga yalipoisha, mama alitoa kanga nyeupe sandukuni, akajifunga. Sasa alitaka kumkalia mumewe eda kama inavyopasa. Akanituma kwa imamu nikamwulizie masharti yake. Imamu alikuwa mtu mpole, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema eda huhesabiwa tangu mume alipokufa, kwa hiyo imekwisha zamani, mama hadaiwi kitu, hata kuolewa anaweza. Nilirudi mbio na jibu hilo nikidhani litampunguzia mzigo.

Mama alicheka kidogo. "Kumbe nimeshaikaa," alisema. "Tena n'nanukia."

Akaivua kanga nyeupe, akaikunja na kuirudisha sandukuni, akaniuliza kama nimeinjika wali. Ilipoadhiniwa magharibi aliinuka kwa mazoea kufuata chetezo. Alifika nacho hadi penye mkeka wa bibi, akasimama. Akakiweka chini, akakaa palipokuwa na alama ya kaa, akalikamata pindo la kanga yake na kulinusa mwenyewe.