Fundi Baiskeli Aliyekuwa Mzima Kila Alipoulizwa

Simu ilinikuta asubuhi nikipanga niandike nini kwenye safu hii, na mada niliyokuwa nimeichagua nimeiweka kando. Fundi baiskeli wa Ngamiani, ambaye wasomaji wangu wengi wa Tanga wamewahi kumwachia tairi la kuziba, ametangulia mbele ya haki. Aliyenipa habari ni jirani yake wa ukuta mmoja, mama mpika vitumbua, ambaye alimwita shemeji kwa kuwa mkewe marehemu alikuwa shoga yake. "Shemeji katutoka," alisema. "Tunazika baada ya adhuhuri. Njoo, lakini tafadhali usije ukaandika kwamba aliugua ghafla." Nimekuwa nikiyageuza maneno hayo kichwani tangu siku ile, na kila nikiyageuza wasiwasi wangu unaongezeka, kwa sababu msibani watu wengi walisema hivyo hivyo: ghafla.

Fundi hakuugua ghafla. Alikuwa na maradhi ya moyo. Daktari alimweleza kwamba moyo wake umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana miguu ilijaa maji na pumzi ikamkatika akitembea mwendo mfupi tu. Aliweza bado kukaa kwenye kigoda akaziba pancha, lakini kazi ya kunyoosha fremu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha, ilimshinda. Vidonge vyake vilikuwa vya kila siku, na vya maisha. Binti yake wa pekee ameolewa Muheza na ana watoto wadogo wa kulea. Kilichomshika mkono ni mpango wa serikali wa kusaidia kaya zisizojiweza: ruzuku kidogo ya chakula na, kubwa zaidi, msamaha wa gharama za dawa hospitalini. Walio kwenye mpango huo huhakikiwa mara kwa mara. Maofisa huja nyumbani, humhoji mhusika, huwauliza majirani, kisha huamuliwa nani abaki na nani atoke. Sina ugomvi na uhakiki. Tunawajua watu waliojipenyeza na mabati yao mapya. Ugomvi wangu ni na namna sisi watu wa pwani tunavyojibu tukiulizwa hali zetu.

Siku chache kabla ya uhakiki mmoja nilikuwa kibandani kwake, nimepeleka baiskeli iliyokatika mnyororo. Mama mpika vitumbua alikuja na kikombe cha chai, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema leo watafanya mazoezi. "Mimi ndiye ofisa. Haya, shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," Fundi akajibu, akicheka.

"Habari za afya?"

"Alhamdulillahi, nzuri."

"Nzuri iko wapi, shemeji? Jana kwenda msikitini tu umeuegemea ukuta wa watu kama unaununua!"

"Sasa nijibu nini?"

"Jibu: mbaya. Neno moja tu. Hata mtoto analiweza."

Fundi aliweka spana chini. Alimtazama kama mtu aliyeambiwa atoke barabarani bila shati. "Mgeni kaingia kwangu, hata maji sijampa, mimi nimtupie maradhi yangu? Shemeji, mimi nimelelewa. Na wako wenye hali mbaya kuliko mimi, niseme mbaya wao waseme nini?" Walirudia zoezi hilo mpaka chai ikapoa. Kila mara alianza na alhamdulillahi, na kila mara jirani yake alijipiga paji la uso. Mimi nilicheka sana. Leo nikikumbuka najiuliza ni wangapi mjini humu wanaofanya mtihani huo bila hata mtu wa kuwafanyisha mazoezi.

Ofisa alipokuja alikuwa binti mpole, amevua viatu mlangoni, kishikwambi mkononi. Nimesimuliwa na mama mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya pazia la ukumbini na uma wake wa kugeuzia vitumbua, kwa kuwa mwenye nyumba alimwomba asitokeze. Fundi alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na soksi nene. Alimkaribisha mgeni kwenye kiti cha kuazima. Afya? Alhamdulillahi. Kazi? Nafanya. Chakula? Tunapata, tunashukuru. Ugonjwa wa kudumu? "Moyo, lakini kidogo tu." Hapo pazia likafunguka. "Kidogo! Binti, huyu mtu anakudanganya. Mwambie avue soksi." Fundi aligoma, mama akainama akamvua mwenyewe, akambonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, kisha akaachia. Shimo lilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Binti alilitazama, akafuta alichokuwa ameandika, akaanza maswali upya, safari hii akimwelekea mama.

Fundi alibaki kwenye mpango, na akamnunia jirani yake mpaka Ramadhani ilipoingia. Vitumbua akawa anavifuata mtaa wa pili, yeye ambaye kutembea kulikuwa kunamwua. "Umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu," alimwambia. Mama akamjibu, "Nimekuvua soksi, shemeji. Nguo ningekuvua ungekwenda kunishitaki." Walipatana kwenye futari, na sidhani kama Fundi aliwahi kumsamehe moja kwa moja. Aliona kwamba siri ya nyumba yake imetolewa nje. Na kwa kipimo cha malezi yetu alikuwa na haki. Jirani mwema huku kwetu ni yule anayeona sufuria yako haina kitu akageuza uso, kisha jioni akakuletea sahani iliyofunikwa bila kusema neno. Tumefundishwa kusitiriana. Mpango huu unatutaka tufanye kinyume chake, hadharani, mbele ya mtu tusiyemjua.

Uhakiki uliofuata ulimkuta mama yuko Mwera, kwa binti yake aliyejifungua kwa shida. Ofisa safari hii alikuwa kijana mwenye haraka, na si kosa lake kwamba alikuwa na mtaa mzima wa kumaliza. Fundi alimjibu kama alivyolelewa. Kijana, kwa kufuata utaratibu, akatoka nje kuwauliza wanaume waliokuwa barazani. Wao wenyewe wamenisimulia walivyojibu, na walinisimulia kwa fahari. Mmoja alisema Fundi ni mtu mzima mwenye heshima zake, hajawahi kugonga mlango wa mtu kuomba. Mwingine akasema mkono wake ni dhahabu, baiskeli ikifa yeye anaifufua. Mshona nguo aliye mkabala na kibanda aliongeza kwamba, lau angekuwa na binti wa kuoza, angempa Fundi. Walimtolea ushahidi kama wanaume wanavyomtolea mwenzao anapokwenda kuposa. Walimpenda, na kwa mapenzi hayo wakamtoa kwenye mpango.

Alijua hivyo kwenye dirisha la dawa, alipoambiwa kwamba msamaha wake haupo tena. Hakumwambia mtu. Akaanza kununua vidonge kadiri alivyopata, akimeza leo na kuruka kesho. Mama aliporudi kutoka Mwera alimkuta hawezi kulala chali, anasinzia kwa kukaa, ameegemea ukuta. Alimbana mpaka akakiri, na siku hiyo hiyo alikwenda ofisi ya mtaa kukata rufaa. Walimpokea vizuri, wakaandika, wakamwambia asubiri kikao. Binti wa Muheza naye alituma alichoweza. Rufaa ilikuwa bado inasubiri kikao Fundi alipofariki. Siwezi kuandika kwamba kukosa dawa ndiko kulikomwua. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo, na moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi. Ninachoweza kuandika ni kwamba alihitaji vidonge kila siku, na siku zake za mwisho hakuvipata kila siku, na waliomzunguka hawakujua mapema kwa sababu walimuuliza, naye akawajibu.

Ndiyo maana silali vizuri. Tunaambiwa kwamba bima ya afya inakuja kwa kila mtu, na kwamba wasiojiweza watalipiwa. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini asiyejiweza lazima kwanza atambuliwe, na kutambuliwa huko kunaanza na swali la mgeni mlangoni. Aliyepooza mkono ataonekana. Mwenye moyo, mwenye figo, mwenye kifafa ambaye siku hiyo haanguki, wote hao watavaa nguo safi, watakaribisha, watashukuru. Nimeanza kuwasikiliza watu ninaowasalimia njiani kwa hofu ambayo sikuwa nayo. Kila "salama" inanishitua. Kule msibani wanaume wa baraza walimsifu marehemu kwa jambo moja, kwamba hakulalamika hata siku moja, na niliitikia pamoja nao huku natamani angelalamika, hata mara moja, kwa sauti, mbele ya mtu mwenye kishikwambi.

Wiki hii, arobaini ikiwa bado, maofisa wamekuja kusikiliza rufaa. Nilikuwapo. Walibisha, wakatoa salamu, wakamwulizia. Mama alitoka na mikono yenye unga, akawaambia mwenye nyumba wamemzika. Wale vijana walisimama hawajui waweke wapi macho, mmoja akaomba radhi, mara mbili. Nilidhani atawafukuza. Akawaambia, "Mmekwisha kufika, msirudi bure," akanawa mikono, akajitanda khanga, akawaongoza nyumba kwa nyumba.

Niliwafuata mpaka mlango wa kwanza, kwa mzee Mlutheri aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha katani mpaka vumbi likamwachia kifua kisichopona. Aliulizwa afya yake. "Bwana asifiwe, tunaendelea," akajibu, akizuia kikohozi kwa leso. Kisha akamwona mama amekaa juu ya mkeka bila kukaribishwa. "Na wewe umefuata nini?"

"Nimekuja kukuteta, babu," mama akamjibu, "ila leo nakuteta ukiwa unasikia." Akawageukia maofisa na kuanza kusema: usiku anakohoa vipi, wapi anatema damu, nani anamchotea maji. Mzee alikasirika, akataka kuinuka, kikohozi kikamrudisha kitini. Alipotulia hakukanusha. Kusitiriana ni uungwana wetu na sitaki tuuache, lakini siku mgonjwa wenu anapoulizwa hali yake msimwache ajibu peke yake. Nendeni mkakae mkekani. Atawanunia, na aishi awanunie.