Kiazi, Kande na Ngazi za Atomu

Wasomaji, mnisamehe kwa mwandiko uliolala na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole. Harufu ya udongo uliolowa hunirudisha kijijini kwetu Isongole, masika ya darasa la sita. Njia yetu ya kwenda kijitoni iliteleza sana. Kwanza baba aliimwagia majivu, kisha akatandaza mabua ya mahindi, mwisho akachimba vidato vya kukanyagia na kukingia kila kimoja mwanzi.

Mwaka huo tuliletewa mwalimu wa sayansi, kijana kutoka Tanga, aliyependa kueleza hata yasiyokuwemo kitabuni. Kila kitu, alisema, kimejengwa kwa atomu, chembe zisizoonekana. Wataalamu wa kwanza walidhani atomu ni ngumu kama kiazi kibichi. Waliofuata wakaiona kama kande, chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni zimetapakaa ndani kama maharage kwenye mahindi. Baadaye kikagunduliwa kiini kidogo katikati, elektroni zikizunguka mbali nacho. Kisha akatokea aliyesema hazizunguki popote tu: zina ngazi zake, na elektroni ikishuka ngazi hutoa mwanga.

Shuleni sikufungua mdomo kwa aibu, lakini nyumbani nilisimulia yote.

"Juzi kiazi, jana kande, leo ngazi!" baba akasema. "Mwalimu wenu ana njaa huyo."

Mama alicheka. Baba hakucheka. "Anayebadili maneno kila wiki simwachii mwanangu. Shule basi. Kesho twende wote shamba la kijiji."

Nililia kimyakimya. Jioni ile tulipokwenda kuchota maji, mimi niliyeshindwa hata kuomba chumvi kwa jirani nikasema, "Baba, hebu simama katikati ya kidato hiki na kile."

"Hapasimamiki hapo, utanivunja mguu!"

"Ndivyo ilivyo elektroni, Baba. Hapa au pale, katikati hakuna."

Akajaribu hata hivyo. Akateleza, akakaa matopeni, ndoo ikabingirika peke yake hadi kijitoni. Nikaogopa. Yeye akauliza taratibu, "Na wale wa kiazi, walikuwa waongo?"

"Na wewe ulipomwaga majivu, Baba, ulikuwa unatudanganya?"

Akainuka, akajipangusa matope. "Kafuate ndoo," akasema. "Na kesho usichelewe shule."

Sasa nashona nguo mjini Makandana. Mwalimu alihamishwa kabla sijamshukuru. Nasikia kwa wanaosoma sekondari kwamba hata zile ngazi hazikutosha, siku hizi elektroni hufananishwa na wingu. Utotoni ningehuzunika, leo nafurahi kwamba watu bado wanatafuta. Kila nikienda kumsalimia baba huniuliza, "Wamefika wapi?" Mwenye kujua aniandikie, tafadhali, kwa maneno mepesi, nimpelekee.