Ubeti wa Tatu

Enzi zetu bafu halikuwa na mlango. Nikiwaambia vijana wa leo wanadhani nasimulia habari za mapangoni, kumbe ni Kiwalani hii hii: nyumba ya vyumba sita, familia sita, na bafu moja uani lenye pazia la kiroba. Sheria ilikuwa moja, anayeoga atoe sauti ili asifumaniwe. Wengine walikohoa. Shomari, fundi baiskeli wa chumba cha mwisho, alipiga mluzi. Baba yangu aliimba.

Tena si kuimba kwa aibu. Baba alikuwa karani, Mlutheri aliyeshuka kutoka Njombe na besi yake nzima. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi aliingia na ndoo na kuanza wimbo wa kumshukuru Mungu aliofundishwa na mama yake shambani, wimbo ambao haumo katika kitabu chochote. Maji ya baridi yakimgusa mgongo, sauti ilipanda mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Mama alimsihi apunguze, watu wamelala. Baba alijibu vilevile siku zote: "Furaha ya Bwana haifungiwi mlango, Mama Neema. Na sisi hata mlango wenyewe hatuna."

Tatizo lilikuwa ndege ya asubuhi. Ilipita juu ya bati zetu Baba akiwa ubeti wa tatu, utadhani rubani naye alikuwa na zamu ya kuoga kwetu. Baba hakusubiri. Aliendelea kuimba ndani ya mngurumo ule, nasi tukaja kumsikia tena ubeti wa nne. Kwa hiyo nyumba nzima tulijua beti tatu tu kati ya nne. Ule wa tatu aliujua yeye na Mungu wake, maana hata Mama hakuwahi kuupata.

Wimbo ukaenea kama upele. Tulianza sisi watoto, kisha Shomari akaacha mluzi wake. Siku moja tukamsikia hata Bi Hafsa, mama mwenye nyumba, mtu wa swala tano, akikuna nazi kwa mdundo uleule. Mama alipocheka, Bi Hafsa akanuna.

"Mie Muislamu, mwanangu, na dini sibadili ng'o! Lakini mumeo kaniambukiza, nifanyeje? Siku hizi nakuna nazi kwa raha."

Baba alitamba nalo wiki nzima. Hakuwa amemhubiria mtu hata siku moja, alikuwa anaoga tu.

Kisha ikaja habari kwamba bibi, mama yake Baba, amefariki. Baba alikwenda kuzika, akarudi, akaingia bafuni na ndoo yake kimya. Kesho yake kimya. Siku ya tatu Bi Hafsa, akiamini hakuna mtu, akafunua pazia.

Ukelele ule ulifika uwanja wa ndege. Baba alikuwa povu kichwa kizima, amejisitiri kwa kopo la nusu lita. Bi Hafsa alijifungia chumbani mpaka jioni, na wakubwa walicheka wameziba midomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka minane, na niliogopa kwamba furaha ya Baba imezikwa na bibi. Nilimuuliza Mama ataimba lini tena.

"Muombee," Mama akasema. "Hata kisima hukauka."

Asubuhi iliyofuata Baba akaingia tena, kimya. Bi Hafsa alikuwa amekalia mbuzi yake ya nazi, ameligeuzia bafu mgongo kwa adabu.

"Baba Neema," akaita, "mie pazia lile sifunui tena maishani. Kama huimbi, tutakuimbia sie, watu wajue kuna mtu."

Akaanza yeye, sauti bila maneno. Shomari akatia maneno. Mama akatoka na mwiko mkononi akadakia, nami nikapiga kelele kuwashinda wote. Ubeti wa kwanza ukaisha, na wa pili. Tukafika wa tatu, tukakwama. Tukatazama juu, ndege ije ituokoe. Siku hiyo ilichelewa.

Ndipo nyuma ya pazia ikatoka sauti iliyokwaruza. Kwa mara ya kwanza tukausikia ubeti wa tatu, na kumbe ndio uliokuwa wa machozi, wa mtu anayemshukuru Mungu huku analia. Baba aliuimba peke yake mpaka mwisho. Wa nne tukampokea wote.

Alitoka macho mekundu. "Sabuni hii ya mche inawasha," akasema.

"Inawasha sana," Bi Hafsa akakubali, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Haya pisha, na wengine tuoge."

Leo nakaa Bunju. Bafu langu limo ndani, lina vigae na kitasa. Mwanangu hujifungia humo na simu, na simu ndiyo inayoimba; yeye hata kukohoa hakohoi. Nyumba za siku hizi unaweza kunyamaza mwezi mzima, asijue mtu. Mimi hufungua kidirisha na kuimba wimbo wa Baba, ila tangu atutoke mwaka jana ule ubeti wa tatu hunishinda, nauruka.

Juzi sauti ya mama wa ng'ambo ya ukuta, ambaye hata jina simjui, ikapenya kidirishani: "Dada, samahani. Mbona siku hizi unaruka ule wa tatu? Sie huku ndio tunaoufulia nguo."

Nilinawa uso kwanza. Sabuni ilikuwa imeniingia machoni.