Siku Mama Aliponililia Nami Niko Bafuni

Chekeni tu mapema, maana nisipowasimulia mimi watawasimulia watu wa Shari, mtaa wa mama, na wale wakishika habari hawakosi kuongeza chumvi. Mimi ndiye yule mwanamke aliyeliliwa kilio cha matanga akiwa bafuni, povu kichwani, na anayelia ni mama yangu mzazi, na sufuria ya maharagwe ya watu ikanimwagikia miguuni. Aibu yake mpaka leo nikipita barabara ile najifunika kikwembe (ndivyo tunavyoita kitenge) usoni.

Yote yalitokana na kitu kidogo: nilichukua chumba hotelini. Mtasema, kwani hoteli ni dhambi? Si dhambi, lakini kwetu, watu wa kijiji cha Bule, mtu ambaye mama yake anaishi mjini halali kwenye kitanda cha kulipia. Ukionekana huko, basi u mgonjwa, au umefukuzwa, au kuna mwanaume. Nilijua hayo yote (sikuzaliwa jana), ila nilikuwa na sababu zangu.

Tangu tulipokimbia vita Bule, mama alibaki mjini Bunia, huko Shari, kwenye chumba kimoja na watoto wa marehemu dada yangu, mimi nikaenda Butembo kuuza vikwembe. Miaka ikapita tunaonana kwa simu tu. Nami kwenye simu nilikuwa mwanamke mkubwa! "Mama, biashara inatembea, Mama, wateja hawanipi nafasi ya kukaa." Ukweli ni kwamba kibanda kilishafungwa, nikawa namuuzia mwenzangu vikwembe vyake, navitembeza begani sokoni. Lakini kiu ya kumwona mama ilinishinda. Kuna asubuhi nilikuwa naamka pua yangu ikisikia moshi wa jiko lake la Bule, lile la mawe matatu, ukungu bado umelala juu ya shamba la viazi, maji yangu ya kuoga yanachemka, naye ananiita nitoke kitandani. Nafungua macho, ni Butembo. Nikaacha kujidanganya, nikapanda gari.

Nikafika Bunia nimekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka kucha, mgongo umevunjika, natembea kama bibi kizee. Nikajiuliza, nimfikie mama hivi, mimi niliyejisifu? Nikaona afadhali niingie hoteli kwanza, nioge, nivae kikwembe kipya na wigi niliyoazima, nilale, kesho nitokee Shari kama mtu. Huo ndio uamuzi wangu mdogo.

Motari aliyenibeba kwa pikipiki yake alikuwa ananitazama sana kwenye kioo.

"Weye si Furaha ya Bule? Mutoto ya Mama Furaha, ule wa kwaya?"

Nikakohoa vumbi, nikamwambia ndiyo, lakini tafadhali asimwambie mama kwamba nimefika. (Ukitaka habari ikimbie Bunia kuliko pikipiki yenyewe, mwombe motari ainyamazie.) Akanishusha mbele ya Hoteli Pumuzika, nikashuka nimeshika kiuno, akaondoka. Mimi nadhani anatafuta abiria, kumbe anakwenda Shari.

Hoteli yenyewe ilikuwa vyumba vichache vya mbao vinavyozunguka uwanja, bafu la mabati kwenye kona, na jiko la nje ambako maharagwe ya wageni yalikuwa yanachemka. Mwenyewe, Papa Anselemi, akanionyesha chumba kwa heshima zote, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kufuli ya mlango iliharibika.

"Lakini usiogope, mama. Hapa hakuna mwizi."

Mimi na "hakuna mwizi" tulishaachana zamani. Nikafanya ujanja niliojifunza safarini: nikalaza begi langu kitandani, nikalifunika shuka vizuri, juu ya mto nikaweka wigi, imegeukia ukutani. Ukichungulia dirishani unaona mtu amelala fofofo. Nikajipongeza kabisa, nikachukua ndoo yangu ya maji, nikaenda kuoga.

Sasa nisikilizeni. Nimeshajipaka sabuni kichwa, uso, miguu, sijabakiza mahali, maana vumbi lile halikutaka kutoka, nikasikia sauti za wanawake wengi uwanjani. Nikadhani ni wageni. Kisha nikasikia kilio.

Kilio kile nakijua. Nilikisikia mara moja tu, siku tuliyotoka Bule, mama aliposimama njiani akageuka kuitazama nyumba. Nikaitupa sabuni, nikaanza kupapasa kikwembe changu ukutani.

Baadaye ndipo nikaelewa. Motari alimwambia mama: mtoto wako yuko Bunia, ameingia hoteli, hawezi hata kunyoosha mgongo, anakohoa, tena amekataza wewe usiambiwe. Sasa mama yeyote wa kwetu angeelewa nini? Mtoto anayekwepa mama yake na kwenda kulala hotelini ni mtoto anayeficha kifo. Mama akaacha kila kitu, akawaita wenzake wa kwaya waje kuniombea, wakaja mbio na vikwembe vyao viunoni. Papa Anselemi akawaonyesha mlango wa chumba changu. Mama akaingia akaita, Furaha, Furaha, wigi haikujibu. Akagusa begi juu ya shuka, akakuta limekuwa gumu na baridi. Basi, akaanguka hapo hapo.

"Mutoto yangu! Aliniacha! Alikufa mbele sijamuona!"

Na wamama wa kwaya wakapokea, maana hao hata kulia wanalia kwa sauti tatu. Wageni wakatoka vyumbani. Papa Anselemi akashika kichwa.

"Bamama, nawaomba! Mu hoteli yangu mutu hajawahi kufa!"

Mngefanya nini? Mimi nilijifunga kikwembe, sikukumbuka maji, nikapiga mlango wa bati teke, nikatoka naita, "Mama! Mama, niko hapa!"

Nilisahau jinsi nilivyo. Fikirini wenyewe: mtu aliyetoka kuliliwa sasa hivi anatokea kona ya uwanja, mweupe kuanzia utosini mpaka miguuni, macho mekundu kwa sabuni, mikono mbele kwa sababu haoni njia. Kwaya yote ikatawanyika. Mmoja alipanda juu ya benchi, mwingine akapitia katikati ya jiko, na sufuria ikaenda, maharagwe yakanifikia mpaka magotini (yalikuwa bado moto, nikaruka, na nilivyoruka nikazidi kuwatisha). Papa Anselemi alikuwa ameshafika barabarani.

Mama peke yake hakukimbia. Alisimama mlangoni mwa chumba, wenzake wanampigia kelele.

"Mama Furaha, kimbia! Ni muzimu!"

"Kama ni muzimu," mama akasema, "ni muzimu yangu."

Akanijia, akanikumbatia na povu langu na maharagwe yangu. Nililia, jamani, sina haja ya kuficha. Harufu yake ilikuwa ile ile, ya moshi wa kuni na maziwa, na sikujua kwamba mtu mzima anaweza kumtamani mama yake mpaka mifupa iume. Alipomaliza kunikumbatia akanipiga kofi la bega, likalia kwa maji.

"Weye unalala hoteli na mama yako iko muzima?"

Akanivuta mpaka bafuni, akaomba ndoo nyingine, akaanza kunisugua mgongo kama alivyoniogesha utotoni nyuma ya jiko la Bule, hataki kusikia kwamba mimi ni mtu mzima. Na kwa kuwa alikuwa nyuma yangu, sioni macho yake, nikamwambia yote: kibanda kilifungwa, wigi ni ya kuazima, yale ya simu yalikuwa maneno.

Akaendelea kusugua kidogo.

"Mi nilikuwa nangojea Furaha," akasema. "Ile kibanda sikuizaa mimi."

Wamama wa kwaya walipochoka kucheka (walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakamsaidia mpishi kuweka maharagwe mengine), wakarudi Shari. Mama akaingia chumbani kukunja vitu vyangu, nami nikabaki nje kumwomba msamaha Papa Anselemi, ambaye bado alinitazama miguu kuhakikisha inagusa ardhi.

Niliporudi nikamkuta mama ameketi kitandani, anabonyeza godoro kwa kiganja, polepole. Kule Shari analala kwenye mkeka karibu na mlango, watoto wamejaa. Kitanda chake cha mbao, kile baba alichomtengenezea, tulikiacha Bule.

"Ulishalipa?" akaniuliza.

"Nililipa, Mama."

"Basi tupumuzike kidogo tu. Halafu tunaenda."

Akavua viatu, akavipanga, akajilaza upande wa ukutani na kuniachia nafasi kama zamani. Kabla sijavuta shuka alikuwa ameshalala, mchana kweupe, mdomo wazi, ameshika pindo la kikwembe changu nisiende mahali. Hakugeuka mpaka jua likashuka, nami sikuthubutu kusogea.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitachukua tena chumba hotelini Bunia kwa kumficha mama. Nikichukua, nitamwuliza Papa Anselemi kwanza kama kitanda kinatosha watu wawili.