Daktari Aliponiambia Nikohoe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile daktari aliponiambia nikohoe, na wala sikuwa na kikohozi.

Nilikuwa bado na nguvu zangu, mama wa watoto watano, nikilima mpunga huku Ngonga. Kizazi kilikuwa kimeshuka. Nikiinama kupalilia nahisi kitu kinaning'inia. Kanisani nakaa upandeupande. Nilipopata ujasiri wa kwenda hospitali, nikaambiwa nitafanyiwa upasuaji wa kukirudisha.

Kabla ya upasuaji, daktari, mama wa makamo, alinilaza kitandani. "Kohoa." Nikakohoa. Pakavu. Akavaa glovu, akakisukuma kizazi juu taratibu, akakishikilia. "Kohoa tena, mama." Mkojo ukaruka hadi kwenye shuka!

Aibu niliiona, lakini mshangao ulizidi. "Daktari, mbona mimi sijawahi kuvuja?"

"Kizazi kilichoshuka kimekunja njia ya mkojo," akasema, "kama mpira wa maji uliojikunja. Tukikiinua, njia inanyooka na mkojo unatoka."

Nikamuuliza kwa nini asitengeneze vyote viwili, kizazi na njia ya mkojo, siku hiyohiyo. Akavuta kiti, akakaa. Alisema inawezekana kuweka utepe mwembamba wa kushikilia njia ya mkojo, na hatari ya kuvuja inapungua. Ila wapo wanaopata shida ya kukojoa baadaye, au kutoka damu zaidi. Na wapo wanaovuja kwenye kipimo, lakini wakishapona hawavuji kabisa.

"Tunaweza kurudisha kizazi tu, utepe tusubiri tuone. Lakini ukivuja sana, utarudi kupasuliwa tena. Wewe unaogopa kipi zaidi?"

Nani aliwahi kuniuliza hivyo? Nikaenda kuongea na mume wangu, nikachagua kusubiri. Mwenzangu wa kitanda cha jirani, mfanyabiashara wa kuvuka mto Songwe kwenda Malawi, alichagua vyote kwa pamoja. Hakutaka kulazwa tena.

Baada ya upasuaji nilivuja kidogo kila nikicheka. Nesi akanifundisha mazoezi ya kubana misuli ya chini, na baada ya miezi kadhaa kukawa kukavu. Mwenzangu alikaa na mpira wa kutolea mkojo kwa muda, kisha akapona. Mpaka leo hajutii.

Kwa hiyo, mwanangu, siku yako ya kupasuliwa ikifika, usikubali tu kupelekwa. Uliza wamepima nini, wakiongeza kitu kitakusaidiaje na kinaweza kukudhuru vipi, na mkisubiri itakuwaje. Waeleze na kazi zako. Halafu chagua linalokufaa wewe, hata kama mwenzako amechagua lingine.

Mungu akulinde, akupe uzima uwaone wajukuu. Ndaga fijo, asante sana kwa kunisikiliza.