Taa Nilizomwagiza Mkwe Wangu

Mimi na mkwe wangu hatujawahi kugombana, na ndiyo maana mtu alivunjika mkono.

Huku kwetu, toka vilima vya Kisarawe mpaka Mlandizi, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Mtakaa nyumba moja, chungu kitakuwa kimoja, lakini yeye anapelekewa chakula barazani na wewe unakula ndani. Akipita, unajitanda khanga. Ukiwa na haja naye, unamwambia binti yako, naye akiwa na lake anamwambia mkewe. Vijana wa siku hizi wanacheka. Wajukuu zangu wenyewe huniambia, “Bibi, si umpigie simu, yupo hapo nje tu.” Mimi nililelewa hivyo na nikaona ni vizuri. Neno likipita mdomo wa mtu wa tatu linafika limepoa, halimchomi mtu.

Majina ya watu wote ninaowaeleza hapa ninayo kichwani, wao na baba zao na babu zao. Shule nilikaa kidogo sana, kwa hiyo kichwa changu kilipata nafasi ya kuweka watu. Lakini sitawataja. La mkwe wangu silitamki hata nyumbani. La yule mzee aliyevunjika mkono, si haki liingie kwenye aibu yangu.

Tunakaa Kongowe ya Kibaha, nyumbani kwa binti yangu na mumewe. Shamba langu la mihogo liko upande wa Kisarawe, nililoachiwa na marehemu mama. Mkwe wangu ana gari la familia, lile la mlango wa kuburuza, na siku za mapumziko hutupeleka shamba. Yeye mbele na mkewe, mimi kiti cha nyuma, na nyuma yangu magunia. Tukichelewa kuvuna, magharibi inatukuta njiani, kwenye barabara ya vumbi ya kukatisha, ambako pembeni ni vichaka na mashimo.

Gari lenyewe si jipya. Vioo vya taa vilikuwa vimepiga njano kama meno ya mvuta tumbaku, na mwanga wake haukufika mbali. Mimi giza naliogopa. Naogopa kutoona kilicho pembeni. Siku moja tumefika nyumbani nikamwambia binti yangu, “Mwambie baba watoto, hizi si taa, ni koroboi. Atafute zinazowaka. Nitakufa kwa moyo kabla ya ajali.”

Binti akacheka, akaenda kusema. Sikusikia alivyosema. Nadhani lile la kufa alilifikisha kama lilivyo.

Haikupita muda gari likarudi na balbu mpya, nyeupe zenye ubuluu kwa mbali. Safari ya kwanza nazo nilifurahi, sitadanganya. Barabara yote ikawa mchana. Niliona mti mmoja mmoja, niliona kanga wa porini wakikimbia, niliona hadi kamba za mbuzi wa watu. Nikamwambia binti, kwa sauti ya kusikika mbele, “Leo nimesafiri.” Mkwe wangu hakugeuka lakini niliona mabega yake yametulia.

Magari yaliyokuja mbele yetu yakawa yanawasha na kuzima taa. Mimi nikasema, “Mumeo anajulikana. Kila mtu anamsalimia.”

“Hawasalimii, mama,” binti akasema. “Wanatutonya. Trafiki yupo mbele.”

Mkwe wangu akapunguza mwendo. Tukaenda taratibu kwa adabu mpaka tukatokea lami, trafiki hatukumwona. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu hata binti hakusema tena habari ya trafiki. Pale kituo cha Picha ya Ndege, tumesimama kununua mkate, dereva wa bodaboda akaja na mkono juu ya macho, akagonga bodi ya gari.

“Oya, mzee, zima huo uwanja wa mpira. Mechi imeisha.”

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, “Mwache, anatafuta sindano aliyodondosha bibi yake.” Na sisi tulicheka. Mkwe wangu pia alicheka, akabonyeza kitu, taa zikashuka kidogo, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua pale. Mtu hazibi macho hivyo kwa sababu ya utani. Lakini nilijua jinsi unavyojua kwamba maziwa yameanza kuchacha na bado unayaweka mpaka kesho.

Jioni yenyewe ninayotaka kuieleza, binti hakuwepo. Mtoto alikuwa na homa, akabaki naye Kongowe. Nilitaka kuahirisha, lakini mihogo ilikuwa imeshang’olewa na vibarua. Basi tukaenda, mimi na mkwe wangu, wawili tu, yeye usukani na mimi nyuma. Njia nzima ya kwenda, maneno yaliyopita ni shikamoo mama, na marahaba baba. Tulirudi magharibi imeshaingia. Magunia yalikuwa mengi kuliko siku zote, nyuma ya gari ikakaa chini, pua ikaangalia juu.

Kwenye kona moja, palipo na mtaro uliochimbwa na mvua, alikuja mtu na baiskeli. Niliomba taa za kuonyesha pembeni, na pembeni nilionyeshwa. Nilimwona sawasawa. Kofia yake, fito zilizofungwa kwenye kibebeo, mkono uliopanda kuziba uso. Kisha gurudumu la mbele likacheza, huku na huku, akatoka kwenye mwanga wetu. Mkwe wangu alikuwa anakwepa shimo upande wake, macho yake yako chini. Niligeuka kutazama nyuma. Kioo chote kimejaa magunia.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, “simama.” Lakini toka amuoe binti yangu sijawahi kumwamrisha mume huyu, wala kumwambia neno asiloanza yeye, na mdomo wa kupitishia ulikuwa Kongowe na mtoto mgonjwa. Nikafanya tunachofanya sisi kwa mkwe. Nikakohoa.

“Vumbi, mama?” akauliza, macho mbele. “Nipandishe kioo?”

Nikasema, “Pandisha.”

Akapandisha. Tukaenda. Nikajiambia yule ameshuka mwenyewe kutupisha. Nikajiambia mtaro haukuwa na kina. Nilijiambia mengi mpaka Kongowe, na usiku sikula, nikasingizia joto.

Habari niliipata kwa jirani yangu wa shamba, alipopiga simu kuulizia mbegu za mihogo. Akasema yule mzee mshona makuti ameanguka na baiskeli, amevunjika kiwiko cha mkono wa kulia, waliomtoa mtaroni ni watu waliokuwa wanatoka kuswali. Akanitajia jina, kana kwamba nilihitaji kutajiwa. Huyu mzee namjua toka akiwa mtoto anayelilia kubebwa. Kibanda changu cha shamba kina makuti aliyoyashona yeye. Kushona makuti ni kukunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyapitishia kamba, jani kwa jani, na kamba lazima ivutwe kwa nguvu, mkono mmoja unashika, mmoja unavuta. Mkono wa kuvuta ndio uliovunjika. Na mvua za masika zilikuwa zinakaribia, msimu ambao kila mwenye paa bovu anamtafuta.

Nilikwenda kumjulia hali, peke yangu, kwa basi, na kilo ya sukari kwenye mkoba. Nilimkuta barazani, mkono umefungwa plasta, mkewe anamenya karanga.

“Karibu, dada,” akasema. “Umekuja kuona maiti iliyokataa kufa?”

“Nini kilikupata?”

“Jua lilichomoza saa ya magharibi. Nikasema, basi, kiama ndiyo hiki, kile tulichoahidiwa. Nikapiga shahada, nikaingia mtaroni. Huko chini nikakuta siyo kiama, ni mbigili tu.”

Mkewe hakucheka. “Gari halikusimama,” akasema. “Taa nyeupe kama ya majini.”

“Acha,” mzee akamwambia. “Kosa langu. Baiskeli yangu haina taa. Mwenye gari angenionea wapi?”

Hapo ndipo nilipokosa pa kuweka uso. Angenitukana ningepumua. Nilitaka kusema, gari letu lile, na mimi nilikuona. Lakini aliyeshika usukani ni mkwe wangu, na mkwe wangu hajui kitu. Ningemwaga aibu yake barazani kwa watu kabla yeye mwenyewe hajaisikia. Nikanyamaza mara ya pili. Mke wa mzee akanishukuru kwa sukari, akanisindikiza mpaka kituoni. Njiani alinieleza kwamba watu wawili walioagiza makuti wameshakwenda kununua mabati.

Nyumbani nilimwambia binti yangu yote. Akasema, “Nitamwambia leo akirudi. Taratibu, nitajua pa kuanzia.”

“Hapana,” nikasema. “Hili nalipeleka mwenyewe.”

“Mama, utamtia haya.”

“Atiwe. Na mimi nimo.”

Mkwe wangu aliporudi kazini nilimfuata barazani. Alisimama haraka kunipisha, akadhani napita. Nikakaa kwenye mkeka wake. Sijawahi kukaa kwenye mkeka ule. Nikamweleza, kona, baiskeli, mkono usoni, kikohozi. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama vidole vyake.

“Kile kikohozi,” akasema.

“Ndiyo.”

Kisha akasema, “Mama, fundi alinikataza zile balbu. Aliniambia hizi si za taa za gari hili, zitawachoma watu macho.”

“Ukafanyaje?”

“Nikamwambia afunge.”

“Kwa nini, baba?”

“Wewe ulisema unaogopa. Ningekujibu nini mimi? Nikuambie haiwezekani?”

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani heshima yetu inapoza maneno tu. Kumbe neno langu liligeuka amri njiani, na jibu lake halikuwa na mahali pa kupita kurudi. Sikumlaumu. Nilimwambia, “Ungekataa.” Akasema, “Na wewe ungesema simama.” Alisema kwa upole kabisa, na hakuna mtu aliyewahi kunipiga kofi zito kama lile.

Tulikwenda kwa fundi pamoja, jua linazama, magunia ya mchanga nyuma badala ya mihogo kwa sababu fundi alitaka gari lenye mzigo wake. Alitoa zile balbu. Akasema zenyewe hazina kosa, ila bakuli lililo ndani ya taa limetengenezwa kwa balbu yenye waya unaowaka ndani, na ukiliwekea nyingine mwanga hauelekei, unamwagika, unapanda kwenye macho ya anayekuja. Akaweka za aina ileile ya zamani, ila nzuri na mpya. Halafu akasugua vile vioo vya njano kwa msasa laini na maji, akavipaka dawa, vikatakata. Nusu ya giza nililolilalamikia ilikuwa ni uchafu wa kioo.

Kisha akalisogeza gari mpaka ukutani, akachora kwa chaki kimo cha taa, akalirudisha nyuma. “Kichwa cha mwanga kikae chini ya mstari,” akasema. “Kikipanda, umempofusha mtu.” Akanitazama nimesimama pembeni. “Bibi, wewe hukaa wapi safarini?”

“Nyuma.”

“Ingia basi. Na wewe ni mzigo.”

Mkwe wangu akamkatiza, “Huyo ni mama yangu, si mzigo.”

“Wote mzigo, kaka. Hata mimi.”

Nikaingia, nikakaa. Fundi akaingiza bisibisi nyuma ya taa, akawa anazungusha polepole, na mimi nikatazama ule mwanga unashuka ukutani, unashuka, mpaka chini ya chaki. Kumbe yalikuwa mambo ya bisibisi.

Taa za sasa zinaonyesha barabara. Miti ya pembeni hazionyeshi sana, na giza bado naliogopa. Nakaa nalo.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa mzee. Mkwe wangu ndiye aliyesema, akiwa amechuchumaa mbele yake, na mimi nikasema sehemu yangu, ile ya kuona na kunyamaza, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Mkewe aliacha karanga. Akanitazama mimi, hakumtazama mkwe wangu.

“Ulikuja na sukari,” akasema. Halafu akaingia ndani.

Mzee akauliza kama hizo taa bado zipo. Mkwe wangu akasema zimetolewa. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuongea habari za mvua.

Plasta imeshatolewa sasa. Vidole vinakunjika, lakini nguvu ya kuvuta kamba haijarudi, na mtu wa hospitali amemwambia asubiri. Mkwe wangu hunishusha pale kila tunapokwenda shamba. Yeye hupeleka makuti yaliyokwisha kushonwa kwa wenyewe, mimi hukaa kwenye mkeka na kushona. Mke wa mzee hunipa majani bila kusema neno. Mzee hukaa karibu, anashika ufito kwa mkono wa kushoto, ananiangalia mikono.

Sijamsikia akisema amenisamehe, na sijamuuliza. Juzi alichukua kuti nililomaliza, akaliinua juani, akaona mwanga unapenya kati ya majani. Akalifumua lote, polepole, kwa mkono mmoja na meno.

“Hili litavuja,” akasema. “Vuta zaidi.”

Nikaanza upya.