Nyanya Zilizopandwa Kitumbaku

"Wamelala," mama alisema kwenye simu, na mguu wangu ukaganda juu ya cherehani. Kwetu mtu hapigi simu asubuhi kweupe kusema watu wamelala, ila kama kuna msiba. Nikatema pini nilizokuwa nimebana mdomoni, nikauliza, "Akina nani, mama?"

"Miche! Nyanya! Ulidhani nani?" Alinijibu kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyewalaza.

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Miche ile haikuwa mboga tu. Mama anaishi Usoke, kwenye shamba alilolima tumbaku pamoja na baba, na baada ya baba kufariki akaendelea peke yake. Moshi wa bani, ile nyumba ya kukaushia majani, ulimla kifua hadi siku moja akaanguka mbele ya moto wake. Kaka yangu mkubwa akaitisha kikao. Tumbaku basi, alisema, na Usoke basi. Mama ahamie kwangu Tabora mjini, na shamba litafutiwe mtu wa kulikodi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nipeni kiangazi kimoja. Nikishindwa kujilisha kwa bustani, nitakuja mwenyewe."

Kaka akanigeukia. Nikajikuta nasema nitamsimamia. Nani alinituma? Mimi ni fundi cherehani, na mchicha wangu wa uani huliwa na kuku wa jirani kabla sijauonja. Lakini nimewaona mama wa watu walioletwa mjini mtaani kwetu. Wanalishwa vizuri, wanakalishwa kwenye kigoda barazani wakiwa wasafi, na kila mwezi wanapungua. Niliogopa kumwona mama yangu kwenye kigoda hicho.

Jumamosi nikaenda Usoke. Mama aliitikia shikamoo yangu huku amenipa mgongo, ameinama kwenye kitalu bondeni karibu na kisima. Miche iliyobaki ilikuwa imesongamana hapa, na pale patupu, hakuna hata mmoja. Iliyolala majani yake yalikuwa bado mabichi kabisa, ila shingo, pale inapotokea ardhini, ilikuwa imenywea na kuwa kama uzi uliolowa. Muuza mbegu wa mjini alikwisha kuniambia jina la ugonjwa huo: kinyaushi. Aliniambia pia kwamba unapenda maji yaliyotuama na miche iliyobanana.

"Wana kiu," mama alisema, akamwaga kopo zima. Jioni akamwaga lingine na kufunika kitalu kwa nyasi.

"Mama, unawazamisha."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akanijibu. "Miche ya tumbaku nimeikuza wewe hujazaliwa."

Kesho yake, tulipotoka kanisani, akatayarisha kitalu kingine ili apande upya. Alipasua pakiti ya mbegu, akaimimina yote ndani ya kopo la kumwagilia, akajaza maji, akakoroga kwa mkono. Kisha akachomoa kile kichwa cha kopo chenye matundu. "Mbegu hizi zinakiziba," alinung'unika, na akaanza kutembea kando ya kitalu akimwaga kwa madaha.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mbegu ya tumbaku ni vumbi, haishikiki kwa vidole, kwa hiyo watu wetu huitia kwenye maji na kuinyunyiza kwa kopo. Mpandaji hodari hujulikana kwa mwendo wake, na mama alisifika kijiji kizima. Mbegu ya nyanya si vumbi. Inazama chini ya kopo, mwanzoni yanatoka maji matupu, mwishoni inamwagika chungu nzima mahali pamoja. Ikiota, inabanana, haipiti hewa katikati, na juu yake usiku kucha kuna nyasi mbichi.

"Mama," nikasema, "hata kopo lenyewe limekataa."

Akasimama. Akatazama kile kichwa mkononi, akatazama kitalu cha zamani. Nilingoja methali nyingine. Badala yake akasema polepole, "Kumbe ni mimi niliyewaua." Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya simu. Ningefurahi anitukane.

Tukaanza upya kwa pakiti niliyokuwa nimeibeba kwenye mkoba. Tulinyanyua tuta mbali na vitalu vya tumbaku, maana nyanya na tumbaku ni ndugu, na ugonjwa wa mmoja hauhitaji kubisha hodi kwa mwenzake. Tukachora mistari kwa kijiti, tukaweka mbegu mojamoja, udongo mwembamba juu. Nikamwomba aondoe nyasi za kufunikia mara tu mbegu zikichomoza, aweke kichanja cha kivuli juu ya tuta, na amwagilie asubuhi tu, tena udongo wa juu ukishakauka. Aliitikia kila neno, na utiifu huo haukunipa raha hata kidogo.

Nikarudi mjini roho mkononi. Nilishona gauni la mtu mikono yote miwili upande mmoja. Simu ikilia naogopa kupokea, isipolia naogopa zaidi. Kaka naye hakukosa kupiga: "Vipi, nimpe jibu yule mtu anayetaka kulikodi shamba?" Siku moja mama akaniambia miche miwili ya pembeni imeanguka. Ameichota pamoja na udongo wake na kuitupa mbali, na pale pahali ameacha kumwagilia. Nilimsifu.

Nilipokwenda tena, miche ilikuwa na majani halisi, lakini kuna sehemu bado ilibanana. Nikasema lazima tuipunguze.

"Nimng'oe mzima? Kwa kosa gani?"

"Asipoondoka mmoja watakufa wote, mama."

Nikapeleka vidole. Akanishika kiganja. "Acha. Wangu nitang'oa mwenyewe."

Akachuchumaa. Akaushika mche mmoja kwa vidole viwili na kubaki hivyo, haung'oi, hauachii. "Siku ile ya kikao," alisema bila kunitazama, "mlikuwa mnazungumza vizuri sana, nani akae wapi. Hakuna aliyeniuliza kama inauma."

Akang'oa. Mche ukatoka na mzizi wake mweupe, akauweka kiganjani, na badala ya kuutupa akatoboa shimo kwa kidole mwishoni mwa tuta, akausimika humo na kuushindilia udongo taratibu. Kisha akaufuata mwingine, na mwingine, na kila mmoja akautafutia pahali.

Simu yangu ikalia. Kaka.

"Yule mtu anataka jibu leo," alisema.

"Mwambie atafute shamba lingine."

"Kwani miche imepona?"

Nilimtazama mama, magoti yake udongoni, kifua kikipanda na kushuka, akikohoa na kuendelea. Miche aliyoihamisha ilikuwa tayari inainamisha vichwa juani.

"Sijui," nikamwambia, na nikapiga magoti kumtobolea mama mashimo.